Magodoro chakavu chini ya nyasi bandia

Mwalimu, umeuliza kama magodoro chakavu yanafaa kulazwa chini ya nyasi bandia, penye bembea za chekechea yenu hapo Ujiji. Hayafai. Sponji ya godoro hunywa maji. Masika yakiikuta itabaki chepechepe, itanuka, na ikishabonyea mtoto atatua kwenye udongo mgumu tu. Ibonyeze kwa kidole gumba uone.

Tafuta foamu ya vitundu vilivyozibwa, isiyofyonza maji, ilale juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Unene hufuata kimo cha kuanguka: muuzaji akuonyeshe cheti kwamba kipimo cha mshtuko wa kichwa, HIC, hakizidi 1,000 kwa kimo cha bembea zenu. Hana? Achana naye, mwaga mchanga laini sentimita 30, muufukue kila wiki. Paka watausumbua, hilo ujue.