Nimesomea mitambo, nataka kubuni bidhaa: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nilimaliza uhandisi mitambo miaka miwili iliyopita, sasa niko kitengo cha matengenezo kwenye kiwanda cha vinywaji Dar es Salaam. Ndoto yangu ni kubuni bidhaa. SolidWorks, ile programu ya kuchora vipuri kwenye kompyuta, naiweza, vyeti viwili ninavyo, ila maombi yangu hayajibiwi. Je, nikasome shahada ya pili?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kama sababu ni hiyo tu, usirudi chuo.

Tangazo la "mbunifu wa bidhaa" hapa kwetu ni nadra, na ukiliona, huenda wanamtaka mtu wa programu za simu. Kazi unayoitaka imejificha kwenye majina mengine: mhandisi wa uzalishaji, wa moldi (vile vikalibu vya kumiminia plastiki), wa utafiti. Wapo wanaounda matela, viwanda vya plastiki, na taasisi za serikali za kubuni mashine, TEMDO na CAMARTEC kule Arusha. Ukiwa tayari kuvuka mpaka, BURN wanatengeneza majiko Ruiru, Kenya.

Shida kubwa naiona kwenye unachotuma. Nimeshakaa kwenye usaili nikaletewa picha za injini zinazong'aa kwenye kompyuta, hata sijui mwombaji alifikiri nini. Halafu akaja kijana na vipande viwili vya chuma vimefungwa kwenye gazeti. Kimoja kilipasuka pembeni ya uchomeleaji; kilikuwa kishikio cha mashine ya kupukuchua mahindi. Cha pili ni kile alichokibuni upya. Akatueleza kwa nini cha kwanza kilishindwa. Tulimchukua huyo.

Tuseme nakuuliza kuhusu beringi yenye namba 6204, ile pete ya gololi inayobeba mhimili unaozunguka: tundu milimita 20, nje 47, upana 14. Wahitimu wengi huandika shafti (mhimili unaoingia kwenye tundu hilo) "20" wakaona wamemaliza. Fundi akikereza 19.9, beringi inacheza. Akikupa 20.05, utaigonga kwa nyundo iingie, kisha itazunguka kwa shida na kuchemka. Kwa mzigo wa kawaida ungeandika 20 k6, alama ya kipimo kinachoruhusiwa, yaani kati ya 20.002 na 20.015. Sawa, lakini je, fundi wako wa karakana za mtaa wa Gerezani ana maikromita, kifaa cha kupima vipimo vidogo mno, au ana venia tu, isiyopima kwa usahihi huo? Kama ni venia, badili mchoro: weka beringi inayokuja na nyumba yake, inayobanwa kwenye shafti kwa skrubu mbili. Inakubali shafti isiyo sahihi sana, na fundi yeyote ataifunga. Mtu akinieleza uamuzi wa namna hiyo, cheti chake cha SolidWorks hata sikiulizi.

Nawe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani. Kwenye mkanda unaosafirisha chupa hakukosi kuwapo kipuri kinachovunjika kila mara mkabadilisha bila kuuliza. Kichukue hicho. Kipime, kichore, kitengeneze kwa namna nyingine, andika kilidumu siku ngapi na kiligharimu kiasi gani. Omba ruhusa ya bosi kwa maandishi kabla ya kupiga picha. Michoro ya kiwanda si mali yako, na atakayekuajiri ataangalia kama unatunza siri za watu.

Maombi nayo usiyaachie ofisi ya utumishi peke yake. Mtafute mkuu wa karakana, omba dakika 10, nenda na kipande chako.

Na kama hujajiunga na SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, jaza fomu mwezi huu. Ni miaka 3 chini ya mhandisi msimamizi, na kazi hiyo ya kipuri itakupa cha kuandika kwenye ripoti.