Bodi ya SUP yenye matundu matano: mapezi yapi ya Hombolo, yapi ya baharini?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Dodoma, nna kilo 92, nimenunua bodi ya SUP (ile ya kusimama juu yake unapiga kasia) ya mtumba, ile ngumu sio ya kujaza upepo, futi 9 na inchi 6. Chini ina matundu matano ya kufungia mapezi, nikapewa pezi moja kubwa la inchi 9 na madogo manne. Wikiendi naenda nayo bwawa la Hombolo, nikifunga yote matano bodi inakuwa nzito haiendi. Likizo nilishuka nayo Kigamboni nikafunga lile kubwa peke yake, nikipata wimbi nikilalia upande wa kukata kona mkia unateleza naanguka. Nifunge yapi?

JIBU: Nzuri kaka, umefanya vizuri kutaja na uzito maana wengi wanaruka hapo na ndo panapoanzia hesabu.

Kwanza matundu matano hayamaanishi mapezi matano kwa mpigo. Yule aliyetengeneza amekupa uhuru wa kuchagua tu: moja la kati, au la kati na mawili ya pembeni, au manne bila la kati. Yote matano kwa pamoja, kwenye maji yako yale, ni mzigo.

Sasa angalia bodi yako kwa chini utaona yale madogo ya mbele hayajanyooka na mstari wa kati, pua zake zinaingia ndani kidogo kuelekea pua ya bodi, na upande wa ndani pezi ni bapa wakati wa nje limetuna. Imefanywa makusudi. Bodi ikiwa kasi kwenye wimbi na umeilalia upande mmoja, pezi la upande huo linazama na kushika maji na ndo linakupa kona. Ila ukiwa Hombolo unaenda moja kwa moja kwa nguvu ya kasia tu, yanafanya kazi kama tairi za mbele za gari zilizokaa vibaya zinaangaliana, kila moja linavuta kwake na wewe ndo unalipa kwa mabega. Kwahiyo Hombolo toa yote madogo acha la kati tu, lisukume nyuma kabisa kwenye reli yake (ule mfereji linapofungwa), bodi itanyooka na utapiga kasia nyingi upande mmoja kabla hujabadilisha.

Ila bwawa lile limejaa tope sana miaka hii, pembeni maji ni kina kifupi, na inchi 9 inagusa chini mapema afu ikigota ghafla wewe unaendelea kwenda mbele. Shuka mapema kabla hujafika ukingoni. Ukipata pezi lililolala sana kwenda nyuma ni zuri zaidi kwa mabwawa, majani na nyavu za wavuvi zinateleza hazinasi. Na kama una mpango wa kwenda bwawa la Mtera ongea na wavuvi wa pale kwanza, kuna mamba na viboko, hilo halina pezi la kulitatua.

Upepo wa mchana wa Dodoma nao unasumbua, watu wanasingizia mapezi. Ukikupiga kwa ubavu pezi linashika mkia, pua haina wa kuishika, inageuzwa inafuata upepo. Sogea mbele hatua moja, pua izame kidogo, basi.

Tuje Kigamboni, hapa ndo penye utamu. Bodi za SUP zina mkia mpana kwasababu lazima zikubebe umesimama hata kama haziendi, na pezi moja likiwa katikati ya mkia mpana liko mbali na ukingo. Ukilalia upande, ukingo mmoja unazama mwingine unanyanyuka na lile pezi linanyanyuka nalo, linabaki na maji kidogo ya kushika, mkia unaachia. Sio kwamba hujui kusimama. Mapezi ya pembeni yako karibu na ukingo, kadri unavyolalia ndivyo yanavyozama. Muaustralia Simon Anderson alileta bodi ya mapezi matatu mwaka 1980, mwaka uliofuata akashinda nayo shindano la mawimbi la Bells Beach, na mpaka leo mpangilio ule ndo unaaminika zaidi kwenye mawimbi.

Kwa hiyo baharini funga mawili ya mbele, yale makubwa kati ya manne yako, na katikati usiweke la inchi 9, tafuta la inchi 6 au 7. Ukiacha lile refu pamoja na ya pembeni bodi itakuwa ngumu kugeuka, utadhani imepigiliwa. Kwa kilo 92 usishuke chini ya 6. Anza na la kati likiwa katikati ya reli, ukiona mkia bado unaachia rudisha nyuma nusu inchi, ukiona kona ngumu peleka mbele nusu inchi, kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Na angalia kulia na kushoto usichanganye, upande bapa unaangalia katikati ya bodi siku zote.

Manne bila la kati yanakimbia sana kwenye wimbi lililosimama wima na yanashika mkia mpana vizuri, ila wakati wa kupiga kasia kutoka ufukweni kwenda kwenye mawimbi pua inacheza kila ukivuta, kwa sasa itakuchosha.

Njiani Dodoma mpaka Dar ni kilomita kama 450 juu ya keria, toa mapezi yote, kamba ikilalia pezi tundu linapasuka na kuziba faibaglasi ni kazi. Skrubu suuza na maji yasiyo na chumvi ukitoka baharini, kaza kwa mkono tu na bisibisi usitumie nguvu.

Nikuombe kitu kimoja, pima inchi 12 kutoka mwisho wa mkia ukija mbele, hapo pima upana wa bodi unitumie, nikishaona hicho kipimo ndo nitakwambia kama manne yatakufaa baadae au ubaki na matatu.