Weka mikono nyuma: kwa mdogo wangu anayetaka kusomea usaidizi wa tiba kwa vitendo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu haipoi. "Dada, nimeambiwa niombe tiba kwa vitendo, ndiyo nini hiyo?" Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimeona bora niandike kwa kirefu, maana swali ni la haki na majibu wanayopewa mtaani ni ya kubahatisha. Wengine wanaambiwa ni kuchua misuli. Wengine wanaambiwa ni kutengeneza miguu ya bandia. Hapa Moshi kuchanganya huko kunaeleweka, kwa kuwa palepale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, wanaofundisha ufundi wa viungo bandia, na kuna pia wanaofundisha mazoezi tiba na tiba kwa vitendo. Kwa mpita njia wote ni watu wa viungo.

Mimi nalieleza hivi. Mtu wa mazoezi tiba anahangaika mguu upate nguvu, utembee. Sisi wa tiba kwa vitendo tunauliza: ukishatembea, unakwenda kufanya nini? Utaoga mwenyewe? Utafunga khanga? Utasonga ugali, utashika kalamu, utavua viatu msikitini au kanisani bila kumwita mtoto? Mtaalamu anampima mgonjwa na kupanga tiba. Msaidizi anatekeleza mpango huo chini ya usimamizi, anaangalia kinachotokea, anaandika na kurudisha taarifa. Kwa hiyo mtu anayekaa na mgonjwa muda mrefu zaidi mara nyingi ni msaidizi, na ndiyo maana naipenda nafasi hii.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulisoma kwenye daftari.

Nilipoanza mazoezi ya vitendo wodini, nilipangiwa bibi mmoja kutoka Kibosho. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Kazi yangu asubuhi hiyo ilikuwa moja: avae gauni. Kanuni nilikuwa naijua, nimeikariri: mkono dhaifu huingia kwanza kwenye nguo, na wakati wa kuvua hutoka mwisho. Nikamwamkia, nikamkalisha pembeni ya kitanda, miguu imekanyaga chini vizuri, gauni nikalitandika mapajani pake. Akaanza. Alikuwa anaushika ule mkono wa kulia kama mzigo wa mtu mwingine. Akauingiza kwenye shimo la mkono wa gauni, akavuta kwa kushoto, nguo ikapanda mpaka kwenye kiwiko, ikakwama. Akavuta tena. Ikakwama. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilivumilia kidogo, halafu nikanyoosha mkono, nikaivuta ile nguo, nikamalizia na vifungo. Gauni likakaa. Nikaona nimefanya kazi.

Msimamizi wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alimuuliza bibi tu, "Mama, kesho atakuvalisha nani?" Bibi akanigeukia mimi.

Usiku ule sikulala vizuri chumbani kwangu Longuo. Kesho yake nilifika, nikatandika gauni lilelile, nikaweka mikono nyuma, nikaishikanisha kabisa kiganja kwa kiganja. Ilichukua dakika 14. Pale kwenye kiwiko alikwama tena, akatulia, akaegemeza mkono kwenye ukingo wa kitanda, akajisukuma mbele kidogo, nguo ikapanda yenyewe. Njia hiyo mimi nisingeijua, aliigundua yeye.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kabla ya ada na kabla ya fomu, ni huu: jipime kama unaweza kusubiri. Wengi wetu tumelelewa kusaidia haraka. Mgeni akiinuka unampokea kikombe, mzee akishika ndoo unamnyang'anya. Ni adabu, na sikuambii uiache. Lakini wodini adabu hiyo inaweza kumfanya mtu ashindwe kuoga maisha yake yote. Bila shaka anayetaka kuanguka unamdaka mara moja, na mikono inakaa nyuma huku macho yakiwa kazini. Anayetafuta tundu la kifungo, mwache atafute.

Bibi huyo baadaye alituambia gauni si shida yake kubwa. Wajukuu wangemvalisha. Alichotaka ni kumenya ndizi za mtori, kwa sababu jikoni kwake hapiki mtu mwingine. Tukamtengenezea ubao: kipande cha mbao, misumari miwili isiyoshika kutu imepigiliwa kutoka chini, ncha zimetokeza juu. Ndizi unaichomeka pale, haichezi, na mkono mmoja unamenya. Chini ya ubao unatandika kitambaa chenye maji ili usiteleze. Misumari isipotumika unaivalisha vizibo, watoto wasiumie. Fundi seremala alimaliza chini ya saa moja. Siku ya kwanza utomvu ulimjaa bibi vidoleni mpaka ukawa mweusi, naye akanionyesha mkono wake kwa furaha kana kwamba nimemletea zawadi.

Unaona basi kwamba darasa lako la kwanza ni jikoni kwenu. Chuoni utafundishwa kuivunja kazi vipandevipande: kumenya ndizi kunahitaji kushika, kukaza, kuona, kukumbuka kipi kinafuata. Anayejua maisha ya watu wa hapa anaanza na mtaji. Mimi niliwahi kuupuuza mtaji huo. Mzee mmoja aliyeanguka na bodaboda alitolewa plasta ya kifundo cha mkono, vidole vimekakamaa. Nikampa vibanio vya nguo na kamba, kama nilivyofundishwa. Akavisogeza pembeni taratibu. "Binti yangu, mimi nimesomesha watoto sita kwa kahawa. Hivi ni vya watoto." Aliniumiza, lakini alikuwa na haki. Siku iliyofuata nilikuja na nusu kilo ya buni kwenye sinia, nzuri na mbovu pamoja, nikamwomba anichambulie. Kidole gumba na cha shahada vilibana vilevile kama kwenye vibanio, ila sasa alikaa hata muda ukapita, huku akinifundisha punje iliyotobolewa na mdudu inavyojulikana.

Jambo la pili nitakalosisitiza ni kuandika. "Mgonjwa anaendelea vizuri" haimsaidii yeyote. Andika: "Amevaa gauni mwenyewe kwa dakika 14, amekaa pembeni ya kitanda, amesaidiwa kifungo cha juu." Wiki mbili baadaye ukiandika dakika 8 bila msaada wa kifungo, mtaalamu anajua aongeze nini, na familia inaona kwamba safari zao hazikupotea bure. Sentensi kama hiyo inataka uwe ulikuwa unaangalia kweli.

Masomo ya mwili hayakwepeki. Mkono mmoja tu, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27, na 8 kati yake imejibana kwenye kifundo. Mimi niliichora kwa kalamu juu ya mkono wangu mwenyewe, pamoja na njia za neva, nikawa naifuta jioni na kuichora upya. Ndiyo maana vyuo vya afya vinaangalia baiolojia, kemia na fizikia. Kama fizikia ilikutisha, usikate tamaa: hapa utakutana nayo kwenye nyenzo, kwenye mteremko wa kiti cha magurudumu, kwenye pembe za kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambapo tunaanza kwa kutafuta nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikae karibu na nyuzi 90. Kiti hicho si lazima kitoke ng'ambo. Kinaweza kutengenezwa kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, na kikikauka vizuri kinabeba mtoto bila wasiwasi.

Kuhusu chuo, kuwa mwangalifu. Rafiki yangu alilipia kozi ya miezi michache mahali fulani Arusha, akapewa cheti chenye mhuri mzuri, na alipoanza kuomba kazi hakuna aliyekitambua. Pesa ilikuwa ya mama yake, ya kuuza maziwa. Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na uliza utatoka na ngazi ipi ya NTA, yaani ngazi za tuzo za vyuo hivyo: ya 4 na ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada. Kisha uliza saa za mazoezi ya vitendo. Shirikisho la dunia la fani hii, WFOT, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka anayesomea utaalamu kamili asipungukiwe saa 1,000. Chuo kikikujibu kwa kuzungukazunguka, ondoka.

Ukitafuta kwenye intaneti, utaletewa zaidi mambo ya Marekani. Kule msaidizi kwa kawaida husoma kama miaka miwili, hufanya wiki 16 za mazoezi ya vitendo ya kutwa, kisha hukaa mtihani wa taifa wa NBCOT, bodi inayothibitisha watu wa fani hii kule. Soma ujifunze, lakini usipange maisha yako ya hapa kwa utaratibu wa kule.

Na kuna uzito ambao lazima uujue mapema. Utakutana na mama aliyembeba mgongoni mtoto wa miaka saba kutoka Rombo, kwa nauli ya kukopa, na wiki inayofuata hatakuja. Utakutana na familia inayosema "mwacheni baba apumzike" wakati bega lake linazidi kukakamaa. Usiwalaumu. Wafundishe zoezi moja linaloingia kwenye kazi wanazozifanya tayari nyumbani, wakati wa kuoga au wa kula. Mazoezi kumi kwenye karatasi yatabaki kwenye karatasi.

Kama bado unajiuliza, fanya hivi Jumamosi hii. Chukua khanga, ufunge mkono unaouandikia, uukaze kifuani tangu asubuhi mpaka jioni. Piga mswaki, osha vyombo, funga mlango wa choo, menya kitunguu kimoja. Waambie nyumbani wasikusaidie. Kila unapokwama, jioni andika ulikwama wapi hasa na ulijinasuaje, kisha nitumie karatasi hiyo, tuanze kuzungumza kuhusu fomu.