Kabla ya kujenga kituo cha mbwa na paka Chanika: niliyojifunza katika miaka minane ya kujitolea

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba una nusu ekari huko Chanika, kwamba umeguswa na watoto wa mbwa waliotupwa mtaroni karibu na kituo cha daladala unaposhukia, na kwamba unataka kuzungusha ukuta, kujenga mabanda na kuanza kuwapokea. Umeuliza uanzie wapi. Nimejitolea kwa miaka minane katika kituo kidogo cha hisani pembezoni mwa jiji hili, nikianza kwa kufagia mabanda na sasa nikiwa mshika daftari la mapokezi. Jibu langu ni kwamba ukuta na mabanda viwe vya mwisho. Anza na majike wa mtaani kwako.

Nieleze sababu. Katika daftari letu tunaandika tarehe, mahali mnyama alipopatikana, umri wa kukadiria na jinsia, na ukifungua karibu ukurasa wowote utaona kwamba watoto wa mbwa wanaoletwa wakiwa wametupwa ni majike kwa wingi unaosikitisha. Hapa Dar es Salaam mbwa hufugwa hasa kwa ulinzi, na anayetafuta mbwa wa kulinda huomba dume, kwa kuwa jike akiingia kwenye joto huvuta kundi la madume getini usiku kucha, na baada ya mimba ya siku 63 hivi huzaa watoto sita au wanane ambao mwenye nyumba hana pa kuwapeleka. Madume hugawiwa majirani. Majike hutiwa kwenye boksi na kuachwa jalalani, mtaroni, au mbele ya geti la watu kama sisi. Jike huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo nyumba moja tu yenye jike asiyefungwa kizazi inaweza kukujazia banda zima kabla hujamaliza kupaka ukuta rangi.

Hili sikulijua nilipoanza, na wenzangu hawakulijua vilevile. Tuliamini kwamba huruma ni kumpokea kila anayeletwa. Tulikuwa tumejiwekea ukomo wa mbwa 25, na katika masika ya mwaka wangu wa pili tukajikuta na mbwa 38, wakilala watatu watatu mahali palipojengwa kwa ajili ya mmoja. Asubuhi moja ya mvua tulikuta boksi getini lenye watoto watano, wachangamfu, wenye matumbo makubwa ya minyoo. Chumba cha kutengea wageni kilikuwa kimejaa, tukawaweka pamoja na wenzao wa rika lao. Siku ya nne mmoja alikataa chakula, akatapika, kisha akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo aliyewahi kuuguza paravo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa, haisahau. Ndani ya wiki mbili tulizika watoto wa mbwa 19. Tulikesha tukiwaongezea maji kwa dripu, wawili wawili kwa zamu, na wengi walitufia mikononi. Virusi vya paravo havifi kwa sabuni ya kawaida. Hufa kwa klorini, na sakafu yetu wakati ule ilikuwa ya udongo, ambao hausafishiki kwa klorini na unaweza kuvihifadhi virusi hivyo kwa miezi mingi. Kila mtoto aliyeletwa baadaye aliugua palepale, mpaka tulipofunga mapokezi kabisa na kumwaga zege.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu wanyama wale hawakuuawa na ukatili wa mtu. Waliuawa na sisi kushindwa kusema kwamba nafasi imekwisha. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na kanuni zinazotajwa kila mahali katika kazi hii ni zile za uhuru wa aina tano: asiwe na njaa na kiu, asikae katika taabu, asipate maumivu, majeraha na maradhi, asiishi kwa hofu na dhiki, na aweze kuishi kwa tabia za asili yake. Zilitungwa Uingereza baada ya ripoti ya mwaka 1965 kuhusu mifugo inayofugwa kwa kubanana, na mimi kila nikizisoma huwakumbuka wale mbwa 38 waliobanana kwetu. Kituo kilichojaa huvunja kila mojawapo ya kanuni hizo, tena kwa jina la huruma.

Tulipopona na msiba ule tulibadilisha kazi. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mmoja wa Mbagala, tukamwomba siku za Jumamosi, naye akatupa mjumbe wa kuzunguka nasi nyumba kwa nyumba. Tulishangaa kugundua kwamba wale tuliowaita mbwa koko, karibu wote wana wenyewe. Kila tulipouliza, mtoto alijitokeza akasema huyu ni Popi wetu, huyu ni Simba wa babu. Mbwa wa uswahilini hula nyumbani, hushinda barabarani, hurudi kulala kibarazani. Mtu akishakubali kwamba mbwa ni wake, una mtu wa kuzungumza naye, na kwake hutapata ukatili kama unavyodhani, utapata ukosefu wa nauli na wa daktari. Tulimleta daktari wa mifugo aliyesajiliwa (usikubali kamwe operesheni ifanywe na mtu asiye na usajili, hata kama ana mkono mwepesi), tukapewa darasa la shule wakati wa likizo, na majike wakafungwa kizazi juu ya meza zilizofunikwa plastiki na kusuguliwa kwa dawa. Kazi ngumu kuliko operesheni ilikuwa usafiri. Madereva wa bajaji wengi hukataa mbwa, na ninawaelewa, kwani abiria anayefuata huenda ni mtu anayekwenda msikitini. Mmoja alikubali tulipomletea turubai la kutandika na tukamhakikishia kuoshewa chombo chake kila safari.

Jambo la dini lazima ulikabili kwa heshima, kwa sababu majirani zako wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Usilichukulie hilo kuwa ni chuki kwa wanyama. Mama mmoja mtu mzima tuliyekuwa tukimwita Bibi Mwajuma, ambaye hakumgusa mbwa hata siku moja, alitupikia ugali wa dona na utumbo wa kuwalisha kwa miaka mitatu, na alipoulizwa na majirani aliwakumbusha kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Maneno yake yalifungua milango mingi kuliko vipeperushi vyetu vyote.

Kwenye Jumamosi hizo hizo tulichanja kichaa cha mbwa, na hapa ndipo jamii nzima hunufaika, hata asiyependa mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa, na zoezi lirudiwe, kwa kuwa mbwa hufa na kuzaliwa haraka na kinga ya mtaa hushuka. Pemba wamethibitisha kwamba inawezekana: chanjo za mbwa zilimaliza kichaa kisiwani, ugonjwa ukaingia tena kutoka bara, wakachanja tena, ukaisha tena. Kuua mbwa hakuleti matokeo hayo. Nimeshuhudia mtaa uliowekewa nyama yenye sumu usiku, na ndani ya miezi michache mbwa wengine wakawa wamehamia kufuata jalala lile lile, safari hii hakuna hata mmoja aliyechanjwa, kwa sababu wale tuliowachanja sisi ndio waliokula sumu. Wafundishe pia watoto kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kuhusu paka sina mengi. Paka wa sokoni wana kazi yao ya panya na wafanyabiashara huwathamini, kwa hiyo inatosha kuwakamata kwa mtego wa sanduku, kuwafunga kizazi, kuwakata ncha ya sikio wakiwa bado usingizini ili watambulike, na kuwarudisha pale pale.

Usajili nao una njia yake. Shirika lako litaongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, nawe utadaiwa taarifa na hesabu kila mwaka. Weka stakabadhi tangu shilingi ya kwanza ya mchango.

Baada ya hayo, kama bado utaona haja ya mabanda, na huenda ukaiona, jenga machache. Sakafu iwe ya zege yenye mteremko wa kutiririsha maji, chumba cha kutengea wageni kiwe mbali na chenye mfagio na ndoo zake pekee, na idadi ya mwisho iandikwe ukutani ambapo kila mtu anaiona. Mtafute daktari atakayekuwa na ujasiri wa kukuambia kwamba mnyama fulani hawezi kupona na anastahili kuondolewa mateso kwa sindano, maana siku hiyo itakuja na hutaki kuikabili peke yako. Anayekuja kuchukua mbwa mtembelee kwanza nyumbani. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungiwa gizani mchana kutwa huwa mkali, na hao sisi huwanyima mbwa hata wakija na mchango mkubwa. Usimtoe jike yeyote ambaye hajafungwa kizazi. Kama ni mdogo mno kwa operesheni, andikianeni tarehe ya kumrudisha, na siku ikifika mfuate wewe.

Wiki hii, kabla hujanunua tofali, mwombe mjumbe azunguke nawe na daftari, uandike kila nyumba yenye jike. Na wale watoto wa mtaroni, kama bado wapo, wachukue nyumbani kwako, uwape dawa ya minyoo, na uwatenge kwa siku 14 bila kukutana na mbwa mwingine. Chanjo ya kwanza ya paravo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, ya kichaa wakitimiza miezi mitatu, na majike kati yao waandike wa kwanza kabisa kwenye orodha ya kufungwa kizazi.