Kabla hujaomba RAM zaidi, hesabu miunganisho

Mwisho wa mwezi ndio msimu wangu wa kupigiwa simu. Sacco inatoa taarifa za wanachama, kampuni ya Industrial Area inafunga hesabu za stoo, na hifadhidata iliyokuwa ikienda vizuri tangu tarehe moja inaanza kuwaangusha watu wote kwa pamoja. Mpaka nifike, msimamizi wa mifumo huwa ameshaulizia bei ya RAM. Mimi humwomba anionyeshe logi, rekodi ya matukio ya seva, kwanza.

Kwa PostgreSQL, moja ya programu za hifadhidata, natafuta mistari miwili tu: "server process (PID 21877) was terminated by signal 9: Killed", na chini yake, "terminating any other active server processes". Ukiikuta, karibu kila mara ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux iliyoishiwa na memori ikachagua mchakato (programu inayokimbia) wa kuua. Aliyeuawa ni mmoja, lakini PostgreSQL hufunga wengine wote, kwa kuwa mchakato uliokatwa ghafla huenda umeacha memori ya pamoja imevurugika. Ndipo karani aliyekuwa anatafuta nambari ya simu ya mwanachama anajikuta nje kwa sababu ya ripoti ya mtu mwingine.

Kila anayeunganishwa na PostgreSQL hupewa mchakato wake kamili. MySQL, hifadhidata nyingine, hutumia nyuzi (threads) ndani ya mchakato mmoja, kwa hiyo usihamishe hesabu za huku kwenda kule bila kufikiri. Memori yenyewe iko sehemu mbili. Ya pamoja, shared_buffers, hutengwa seva inapowashwa na haikui tena. Ukiiacha ilivyokuja ni MB 128, na wengi huipa robo ya RAM. Hiyo haijawahi kunikosesha usingizi. Kinachonikosesha ni memori ya binafsi ya kila mchakato, hasa work_mem, kiwango cha memori ya kupangia na kuunganishia data.

Wengi husoma work_mem: MB 64 wakadhani kila kikao (muunganisho mmoja) kimepewa MB 64. Sivyo. Chukulia ni posho ya safari, si mshahara: anayesafiri mara tatu analipwa mara tatu. Swali moja (query) likipanga safu, likaunganisha majedwali kwa hashi (jedwali la muda la kutafutia haraka), kisha likajumlisha kwa makundi, kila hatua ina haki ya kufikia kiwango hicho peke yake. Hatua za hashi huruhusiwa zaidi. Tangu toleo la 15, hash_mem_multiplier ni 2, yaani hadi MB 128 hapo. Swali likigawiwa wafanyakazi sambamba, kila mfanyakazi anachukua yake.

Sasa fanya hesabu. Seva ina GB 16, shared_buffers imechukua 4. Vikao 40 vinaendesha ripoti, kila ripoti ina hatua tatu za MB 64. Hiyo ni GB 7.5 juu ya zile 4, na bado hujagusa hashi wala mfumo wenyewe. Hifadhidata ya Oracle tangu toleo la 12c ina PGA_AGGREGATE_LIMIT, dari la jumla la memori za binafsi. PostgreSQL haina dari la aina hiyo, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo lake kubwa zaidi kwa anayesimamia seva ndogo.

Vikao 40 hutoka wapi, na ofisi ina wafanyakazi kumi na wawili? Hutoka kwenye programu. HikariCP, inayoitunzia programu ya Java miunganisho na kuja na Spring Boot, hufungua miunganisho 10 usipoigusa. Kila timu ikipandisha hadi 50 "kwa usalama", huduma nne zinashika 200, na nyingi zimelala. Uliza pg_stat_activity, orodha ya vikao vilivyo wazi, hesabu kwa safuwima ya state (hali ya kikao). Zilizo idle zinakula kidogo. Nachukia zaidi zile za idle in transaction, zilizofungua muamala zikanyamaza: hazifanyi kazi na hazimwachii mtu chochote. Weka idle_in_transaction_session_timeout zifungwe zenyewe.

Dawa yangu ya kwanza ni PgBouncer, inayokaa kati ya programu na hifadhidata, kwa mtindo wa transaction: muunganisho hutolewa kwa muamala mmoja mmoja. Miunganisho 200 ya programu inahudumiwa na 20 tu za hifadhidata, kwa kuwa ni wachache mno wanaofanya kazi kwa sekunde ileile. Ila jua bei yake: LISTEN (amri ya kusubiri taarifa) na kufuli za advisory za kikao (zinazowekwa na programu yenyewe) havifanyi kazi hapo, na SET ya kawaida, amri ya kubadilisha mpangilio, inaweza kumwangukia mteja mwingine. Tumia SET LOCAL ndani ya muamala, inayoisha muamala unapoisha.

Hiyo SET LOCAL ndiyo inayokuwezesha kuacha work_mem ya seva nzima ikiwa ndogo. Ripoti ya mikopo ikiwa ndiyo nzito, ipe yenyewe MB 256 kwa muda inapokimbia. Utajua inahitaji kwa EXPLAIN ANALYZE, inayoendesha swali na kuonyesha hatua zake: ukiona "external merge  Disk", upangaji umemwagika kwenye diski. Kumwagika si dhambi. Ripoti ya usiku ikichukua dakika mbili zaidi, nani atalalamika?

Ukifungua top, orodha ya michakato ya Linux, usijumlishe safuwima ya RES (RAM ya kila mchakato) ukashtuka. Kurasa za shared_buffers ambazo mchakato umezigusa huhesabiwa humo, kwa hiyo memori ileile inaonekana mara nyingi. PSS katika /proc, inayogawa memori ya pamoja kwa wanaoitumia, iko karibu zaidi na ukweli.

Kama seva ni ya hifadhidata peke yake, weka pia vm.overcommit_memory kuwa 2, ili Linux isiahidi memori kupita kiasi, na upime overcommit_ratio vizuri. Memori ikiisha, swali husika hupata kosa la "out of memory" na wengine wanaendelea na kazi.

Na ukiushuku mchakato mmoja, toleo la 14 kwenda juu lina pg_log_backend_memory_contexts. Ipe PID (nambari ya mchakato), itaandika kwenye logi mchakato huo umeweka nini na wapi. CacheMemoryContext (kumbukumbu ya miundo ya majedwali) ikiwa imevimba, mara nyingi ni muunganisho ulioishi muda mrefu ukagusa majedwali mengi. Punguza maxLifetime (umri wa juu wa muunganisho) ya HikariCP, ambayo huja ikiwa dakika 30.