Dalali na status za kuku wake

Mkuu, umeuliza kama dalali wa nyumba aposti na mambo yake binafsi au abaki na vyumba tu. Mimi nasema aposti. Dalali anakula kodi ya mwezi mzima, mwenye nyumba naye anataka ya miezi sita kwa mkupuo; hela hiyo humpi mtu usiyemjua. Aliyenipangisha Sinza nilimjua kwa kuku wake. Kila asubuhi mayai, mayai! Siku moja kaposti banda limejaa maji ya mvua, nikamuuliza: na kile chumba mtaa wake unajaa? Akakiri, akanitafutia kingine. Ila Simba na Yanga aache, atakimbiza nusu ya wateja. Na ugomvi na mkewe, jamani, hapana.