Dubrovnik kwa yoti: mfunge wapi?

Ndugu yangu, nimekuelewa: mmekodi yoti ya kifahari, mna siku moja tu ya Dubrovnik, mji wa pwani wa Kroatia, na hujui mfunge wapi. Msitegemee bandari ya kale chini ya kuta za mji wa kale. Ni ndogo mno. Nahodha aweke nafasi mapema bandari ya Gruž au marina (bandari ya yoti) ya Komolac, kisha mwende mjini kwa teksi.

Kutani pandeni asubuhi na mapema. Mzunguko ni karibu kilomita 2 na jua la Julai halina huruma; sisi tulipanda saa sita mchana, mama mkwe akazidiwa.

Bura, upepo mkali wa baridi unaovuma kutoka bara, ukitabiriwa na nahodha akakataa kutoka, msimbishie. Mkipitia Kotor, mji wa Montenegro, kumbukeni nchi hiyo iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, na Kroatia imo: ulizeni ubalozini kama viza zenu zinaruhusu kurudi Kroatia.